Vilima Visivyo na Lori

Jumapili, 3 Septemba 2017

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa! Bado naamka nikishangaa. Namtazama aliyelala pembeni yangu, Jepchumba, nesi, binti wa Kapsabet, kisha naiuliza dari ya nyumba yetu ya kupanga hapa Seven Hills, ughaibuni: ni mimi kweli? Révérien wa ghala la vigae? Dari haijibu. Nayo inashangaa.

Leo baada ya kanisa ameniambia nifumbe macho. Nikasikia karatasi zinatandazwa kitandani. Nikafumbua. Fungate yetu! Siku saba kwa baiskeli, Italia, vilima vya Toscana! Njia za changarawe nyeupe zinapinda katikati ya mizeituni na mizabibu kama utepe uliodondoka kwenye nywele za msichana. Nyumba za mawe juu ya kila kilima. Miti mirefu, myembamba, imejipanga mstari kama wanakwaya wanaosubiri kuanza. Sikujua Mungu alipata nafasi ya kutengeneza nchi namna hii.

Kisha mke wangu akanitajia lililompendeza kuliko yote: njia nzima haina gari. Hata moja. Hakuna basi, hakuna pikipiki, hakuna lori.

Hakuna lori!

Nimetabasamu. Nimembusu. Nimeingia bafuni, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, nimeshika kichwa.

Naandika ukweli hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Ujanani, kwetu Burundi, nilibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama mlimani hadi Bujumbura, kilo mia na zaidi kwenye keria. Hilo ni kweli tupu. Kushuka nilishuka kama jiwe. Kupanda nilipanda kama wenzangu wote: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya lori. Miaka mitatu! Sikupanda kilima hata kimoja kwa miguu yangu.

Lakini wakati wa posa, nilipowekwa mbele ya simu ya video nijieleze kwa wajomba wa Kapsabet, mjomba mkubwa aliuliza huyu Mrundi ana nini. Nikasema nilipanda milima ya kwetu kwa baiskeli kila siku. Lori sikulitaja. Ule ni ukoo wa wakimbiaji. Mjomba akatamka: "Huyo ana mapafu. Mpeni msichana."

Nimepewa mke kwa ajili ya mapafu.

Jumanne, 5 Septemba

Mpango wa kwanza. Wakati wa chai nimemshauri Jepchumba tubadilishe njia. Nimesema nasikia barabara kuu za Italia zinapendeza. Nimesema malori nayo yana uzuri wake, ukiyatazama vizuri. Akanishika shavu. Akasema ameelewa, naogopa asije akaumia porini mbali na watu. Akasema hajawahi kuona mume anayejali hivi. Machozi yalimlenga! Na mimi yakanilenga. Mpango umekufa, lakini umekufa kwa utamu.

Ndipo akaingia Elkana. Huyu ni binamu wa mke wangu, anafanya kazi benki mjini. Mwendesha baiskeli. Suruali yake inabana mpaka unajua alichokula mchana. Aliniuliza, miguu juu ya kiti changu: "Shemeji wa ndizi, kwa siku ulikuwa unapanda vilima vingapi?" Nikasema kumi na viwili. Nani alisema kumi na viwili? Mdomo wangu.

Elkana akacheka puani. Akasema njia hiyo haina gari, mtu akishindwa hakuna wa kumwokoa. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe kumi na sita twende Glenbrook, kwenye njia ya changarawe ya msituni, nipande kilima kimoja tu mbele yake. Nikifika juu, atampigia mjomba simu anisifu. Nikishindwa, atafuatana nasi Italia kutusaidia. Likizo ameshaomba! "Nitalala chumba cha pili, msijali. Mimi sikoromi."

Jepchumba aliuma mdomo. Akasema sawa, mume wangu hawezi kushindwa.

Elkana kwenye fungate yangu! Katikati ya mizeituni! Na suruali ile!

Alhamisi, 7 Septemba

Baiskeli mbili za kukodi zimefika, zetu kwa mwezi mzima. Ya Jepchumba ya kijani, yangu nyeusi. Nzuri kama farasi wa mfalme. Nimezifuta mara mbili.

Baada ya shifti nimejaribu kwa siri mteremko unaotoka stesheni kuja kwetu. Mteremko kwa anayeshuka. Leo ilikuwa siku ya kuzoa taka, mapipa yamepangwa barabarani, nikaamua kuyahesabu. Nimepita pipa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano nimelikumbatia. Bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake mfupi walinipita wakitembea. Bibi aliniita mpenzi, akasema najitahidi. Mbwa hakusema kitu, lakini alinitazama.

Jumapili, 10 Septemba

Venant ni Mrundi mwenzangu, tunafanya kazi pamoja ghalani, ana pikapu. Nilimweleza shida yangu. Akaniuliza: "Mon vieux, rafiki yangu, si umwambie tu mkeo?" Nilicheka sana. Venant hajaoa.

Wazo langu: nijishikize kwanza nyuma ya pikapu, mapafu yakumbuke kazi, kisha niwe naachia kidogo kidogo mpaka siku ya mtihani. Tukaenda eneo la viwanda mchana, leo pamefungwa, hakuna mtu. Nikashika. Venant akaondoa gari taratibu. Ah! Upepo, moshi wa dizeli, baiskeli inapanda yenyewe! Nikafumba macho. Bugarama! Niliimba.

Nilisahau kwamba ni Septemba. Magpai, yule ndege mweusi na mweupe, ana makinda mwezi huu na anachukia baiskeli kuliko kitu chochote duniani. Alinigonga kofia mara moja. Mara ya pili sikio. Nikaachia pikapu ili niokoe sikio. Nikarudi kinyumenyume mita arobaini na kuingia kwenye kichaka cha maua mekundu. Venant hakujua. Alikuwa ananisimulia habari za kaka yake kupitia dirisha, akafika juu kabisa, akashuka apate maoni yangu.

Nyumbani nimesema niliitwa ghalani, kreti la vigae likanielemea. Jepchumba alinisafisha mikwaruzo. Kisha akanitoa nyuzi nyekundu za maua kwenye nywele, moja moja, akazipanga mezani, asiulize kitu. Vidole vyake! Ningeanguka tena kesho.

Jumatano, 13 Septemba

Leo Jepchumba alikwenda soko la Cabramatta na dada yangu Fébronie kununua ndizi za kupika. Walirudi wakicheka hadi wanashikana mabega. Waliponiona wakanyamaza. Wakacheka tena. Nimefurahi sana jinsi mawifi hawa wanavyopendana.

Lakini sikiliza, daftari. Lifti ya jengo letu imeharibika. Tunakaa ghorofa ya nne. Mke wangu alibeba mifuko miwili ya ndizi, mmoja kila mkono, akapanda ngazi mbili mbili huku anamsimulia Fébronie habari za wodini. Alifika juu akimalizia sentensi ileile! Fébronie na mimi tulifika baadaye, tukiwa tumeshikilia ukuta.

Nilisimama mlangoni nikimtazama kwa mshangao mtakatifu. Kitu chenye nguvu. Kinachopanda bila kuchoka. Kinachotangulia mbele.

Nimeoa lori!

Kesho nachukua kamba nyembamba ya nailoni ghalani. Nyeusi. Mita tatu.

Jumamosi, 16 Septemba

Naandika yote.

Elkana alitupeleka Glenbrook, baiskeli juu ya gari. Njia imefungwa kwa geti, magari hayaruhusiwi. Changarawe inapanda katikati ya miti hadi inapotelea angani. Elkana akavaa miwani. Akaniuliza kama nimeandika wosia. Akatangulia.

Jepchumba alisimama kunywa maji. Nikasema nakagua breki yake ya nyuma. Nikafunga kamba chini ya kiti chake, ncha nyingine kwenye usukani wangu. Hakugeuka. Akapanda baiskeli. Kamba ikakaza.

Alisita. Mara moja tu, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa kwa mbali. Kisha akainuka juu ya pedeli na kuanza kuvuta.

Ewe daftari! Kwa miaka mitatu ya milima sikuona kitu ila matako ya malori. Namba za gari, moshi, tope. Leo kwa mara ya kwanza nimepanda nikiwa na macho. Magome ya miti yanabanduka kama karatasi, chini yake mti ni wa rangi ya maziwa. Maua madogo ya njano kila upande, harufu ya asali. Kimya kiasi kwamba nilisikia kila kijiwe chini ya tairi. Na mbele yangu mgongo wake, umelowa jasho, unakwenda kushoto na kulia, hauchoki. Nilitaka kulia. Nilikuwa napiga pedeli pia, kwa heshima.

Elkana aligeuka mara tatu. Kila akigeuka, Jepchumba alijisogeza katikati yetu. Nilidhani ni bahati.

Tulifika! Tumesimama juu kabisa, bonde lote liko chini, bluu juu ya bluu juu ya bluu, na ndege weupe wakivuka kama wanakunja shuka. Elkana alikuwa ameinama, mikono magotini. Alinitazama. Sijatoka jasho hata tone! Akavua miwani. Akampigia mjomba simu palepale, akasema kwa unyonge: huyu mtu ana mapafu ya ajabu. Nikasikia mjomba anapiga kelele za furaha Kapsabet, ambako bado ni usiku, usingizini alikotolewa.

Elkana haendi Italia. Haendi!

Nilikwenda kufungua kamba. Kamba haipo.

Nyumbani Jepchumba alioga, akala, akaweka mkono mfukoni. Akatoa kamba na kuiweka mezani kando ya sahani yangu, imekunjwa vizuri kama bendeji. Akasema: "Ya Italia iwe fupi kidogo. Ilikuwa inanigonga kisigino."

Jumapili, 17 Septemba

Nimeungama yote. Bugarama, malori, mapipa, magpai. Alinisikiliza hadi mwisho akila chapati. Kisha akasema habari za lori alizijua kabla ya harusi, Fébronie alimwambia siku ya pili tu ya kufahamiana. Akakubali kuolewa nami hivyohivyo! Akasema mapafu anayo yeye, yanatutosha wawili. Akasema jana angenivuta hata mpaka Perth, upande wa pili wa nchi, mradi asimwone Elkana na suruali yake kwenye fungate yake.

Nililia. Nilimshika mikono, nikaapa kwa Mungu na kwa mama yangu: kuanzia leo hakuna uongo tena kati yetu, hata mdogo, hata wa adabu. Naye akalia. Asubuhi tukufu kuliko zote za ndoa!

Basi akafungua ukurasa wa mwisho wa safari, ambao sikuwahi kuuona. Siku ya saba vilima vinashuka hadi baharini. Maji ya kijani, meupe chini, mwamba mkubwa mita hamsini kutoka ufukweni. Watu wanaogelea mpaka pale, wanakaa juu ya mwamba kutazama vilima vyote walivyopita. Dunia hii!

Akaona haya. Akasema yeye mtoto wa nyanda za juu hajui kuogelea kabisa, anaogopa, lakini anatamani mno kufika kwenye mwamba ule. Akaniuliza kama mimi najua, ili safari hiyo yeye ndiye anishike.

Macho yake! Yalikuwa yananitazama kama mjomba alivyoitazama simu.

Nikasema: "Mpenzi, mimi mtoto wa ziwa Tanganyika. Samaki walikuwa wananiuliza njia."

Akanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Ziwa Tanganyika nimeliona kila siku kwa miaka mitatu. Kutoka juu, nikishuka na ndizi. Ni zuri ajabu.

Kesho asubuhi namwona Venant. Nakumbuka ana tairi la ndani kubwa, zima kabisa, linaelea. La lori.