Mbunge wa Sanduku Letu la Barua

Jumatatu, 6 Juni

Siku kumi tangu nimalize shule, na tayari nina lengo maishani. Ofisi ya Mheshimiwa Dahlquist, mbunge wetu, inatafuta kijana mmoja wa kupanga barua hadi Agosti. Masharti: awe mkazi wa jimbo lake la uchaguzi, na aandike historia fupi ya jimbo na wabunge wake wote. Historia zitatundikwa maktaba Jumamosi, naye Mheshimiwa atachagua. Kupanga barua. Chumba cha nyuma. Hakuna kuongea na mtu. Kazi hii imeumbwa kwa ajili yangu.

Ila Corrine Haugen naye ameomba. Corrine husalimia hata watu asiowajua. Mama kauliza kwa nini nisiende tu ofisini nikajitambulishe. Nikasema nitafikiria. Sitafikiria.

Jumanne, 7 Juni

Maktaba siku nzima. Bi Sletten, mkutubi, kanitolea ramani zote. Kila baada ya sensa, wakubwa huchora mipaka upya. Mwaka 1912 jimbo letu lilikuwa mraba, kama mkate. Mwaka 1932 likawa kiatu. Kwenye ramani mpya ya mwaka huu ni mjusi aliyekanyagwa. Nikauliza mkia ni wa nini. Bi Sletten akasema mkia unalifuata shamba la shemeji wa mtu, na tumbo limebonyea ili kuwakwepa wafanyakazi wa kiwanda cha siagi, ambao hawajawahi kumpigia kura Dahlquist yeyote.

Wabunge kumi na wanne. Nimempenda Elmer Quist: miaka ishirini na sita bungeni, alisimama kuongea mara mbili, moja akiomba dirisha lifungwe. Shujaa wangu. Nimempa kurasa tatu. Babu yake Mheshimiwa, aliyechora kile kiatu kwa mkono wake mwenyewe, nimempa mstari mmoja wa kweli. Kwa herufi ndogo, kwa heshima.

Jumatano, 8 Juni

Corrine kaja maktaba na keki ya kumpa Bi Sletten. Historia yake ina picha za rangi. Kaniambia, "Astri, dada, usiwe na wasiwasi. Ukipita pale ofisini nitakuwa nakupungia dirishani."

Nikarudi kwenye ramani. Mpaka mpya unapita Mtaa wa Maple. Upande wa kusini ni jimbo la jirani. Na akina Haugen wanakaa wapi? Kusini.

Nimeandika kwa mkono wa kushoto: "Chunguzeni anwani za waombaji wote. Raia Mwema." Nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi wakati wa chakula cha mchana, nikakimbia. Siasa si ngumu kama watu wanavyodai.

Alhamisi, 9 Juni

Bwana Pruitt, karani wa Mheshimiwa, kapiga simu. Mama kapokea, mimi nikiwa nyuma ya jokofu. Wamepata barua ya Raia Mwema na wamechunguza kila mtu. Corrine alihamia kwa bibi yake tangu Machi, upande wa kaskazini. Hana tatizo.

Mwenye tatizo ni mimi. Mpaka unapita katikati ya barabara yetu. Nyumba yetu sisi akina Nygaard iko kusini. Masanduku yote ya barua yako kaskazini, ili mtu wa posta asilazimike kuvuka. Kwa hiyo sanduku letu lina Mheshimiwa Dahlquist, na vitanda vyetu vina Mheshimiwa Bi Farrow, mbunge wa jimbo la jirani. Baba kacheka mpaka kaweka uma chini.

Bwana Pruitt kasema huku akicheka kwamba nikihama kabla ya Jumamosi, basi sawa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nimeona njia.

Ijumaa, 10 Juni

Nimehama. Hema liko futi nne nyuma ya sanduku la barua, pembeni mwa shamba la soya la Mzee Tveit, ng'ambo ya barabara. Kisha nikaenda ofisi ya kaunti kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa nimetimiza miaka kumi na minane. Kwenye anwani nikaandika: hema, nyuma ya sanduku la akina Nygaard. Karani wa pale kanitazama sana, akasema sheria inatambua mahali mtu anapolala. Nikala kiapo kwamba ndipo ninapolala. Nikatia saini.

Mzee Tveit kaja na trekta. "Binti, kwenu si pale? Naona hata taa ya jikoni. Wamekufukuza?" Nikasema nimehamia jimbo lingine. Akazima trekta. "Karibu, jirani. Soya usiilalie tu."

Mama kavuka barabara na sahani ya viazi na nyama ya kuoka. Nikamshukuru kwa kuja mbali hivyo.

Jumamosi, 11 Juni

Mheshimiwa kafika maktaba. Kasoma historia ya Corrine akitabasamu. Kwenye yangu katoa miwani. Kasoma mstari mdogo kuhusu babu yake mara mbili. Kisha akauliza Astri ni nani.

Nilikuwa nyuma ya birika la kahawa. Wakanisogeza mbele. Akauliza kwa upole ninaishi wapi. Nikatazama dirisha lililokuwa wazi. Hata Quist angeomba dirisha lifungwe.

"Kwenye soya yangu, Mheshimiwa," akajibu Mzee Tveit.

Kazi kapewa Corrine. Alinikumbatia mbele ya watu wote. Sitamsamehe hilo.

Jumatatu, 13 Juni

Nimerudi kwenye kitanda changu, na bahati imerudi nami. Ofisi ya Bi Farrow nayo inatafuta kijana wa kupanga barua! Sharti: mkazi wa jimbo lake. Nyumba yetu imo humo nzima nzima, hadi banda la kuku. Mwombaji mwingine ni mmoja tu, Tollef Brandvold, na nasikia anaonekana mno kwa mjomba wake ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini.

Mara ya kwanza sikuwa makini. Safari hii nimeandika wazi: "Msiishie kwenye anwani waombaji wanazowapa. Fungueni daftari la wapiga kura, mtazame kila mmoja aliapa kwamba analala wapi. Raia Mwema."

Nimeitia sandukuni na kuinua kibendera cha kumsimamisha mtu wa posta. Posta inapita saa nne.