Kichwa cha Komando

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata mbwa. Mtoto bado, masikio makubwa kuliko akili, jina lake Komando. Huyu ndiye atakayemrudisha mke wangu hapa Kaagya.

Evodia alirudi kwao Ijumbi baada ya biashara yangu ya kware. Walikufa wote, na mabati ya jiko lake nilikuwa nimeshayauza ili kuwanunulia chakula. Sasa baba yake, mzee Rugaibula, anaibiwa ndizi. Amesema nikimpelekea Jumapili mbwa wa kulinda, mzima, asiyelala ovyo kama mkwewe, ataongea na binti yake. Hilo neno la kulala sikulipenda. Nimelimeza.

Tatizo: Komando analala mchana kutwa. Mimi nikisinzia hutafuna akamwani, punje zetu za kahawa iliyokaushwa. Nimemfichia punje chache ndani ya dagaa. Kaamka. Nina akili mimi, sema watu hawajui.

Jumanne, 3 Juni

Hajalala kabisa. Kabwekea kuku, ndoo, na migomba mmoja baada ya mwingine. Askari hasa. Nimemwongezea punje.

Jioni kichwa kikaanza kutikisika. Kulia, kushoto, kama mtu anayekataa mchango wa harusi. Nikikishika kinatulia, nikikiachia kinaanza upya. Nimeogopa. Nimempa punje nyingine apate nguvu.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwita daktari wa mifugo, Mama Renatha. Kachungulia masikio, macho, ufizi. Kasema mbwa mdogo hutikisika kichwa kwa mengi: masikio kuuma, minyoo, sukari kushuka mwilini, sumu, hata ugonjwa kwa asiyechanjwa. Nimebaki na sababu nyingi na mbwa mmoja.

Akauliza amekula nini. Nikataja kila kitu kwa uaminifu: ugali, dagaa, kipande cha ndizi. Kahawa sikuitaja, maana kahawa si chakula, ni heshima ya mgeni. Ameacha dawa ya minyoo na ya masikio. Nikamkaribisha akamwani, akatafuna, akashukuru.

Alhamisi, 5 Juni

Kichwa bado. Nimewaza usiku kucha: sumu. Na sumu maana yake jirani Kahangwa, ambaye hajanisamehe harufu ya kware. Nimekwenda kumuuliza kama amemtegea mbwa wangu kitu. Kasema labda mbwa ananikatalia tu, kama Evodia. Akacheka peke yake. Asiye na hatia hacheki vile.

Ijumaa, 6 Juni

Akamwani imeniishia jana. Leo hatujatafuna, mimi wala Komando. Kalala, kaamka, kichwa kimetulia tuli. Dawa ya masikio hiyo. Mama Renatha ni bingwa.

Jumamosi, 7 Juni

Kwa furaha nimeazima akamwani kwa Kahangwa, nikasherehekea na Komando. Kichwa kimeanza tena. Nikashuku kahawa ya Kahangwa. Lakini mimi nimetafuna nyingi kuliko mbwa na sitikisiki. Basi si kahawa.

Labda sukari. Nimemnywesha maji ya ndizi mbivu. Kayatapika kwenye viatu vyangu vya kesho. Sielewi chochote.

Jumapili, 8 Juni

Ijumbi. Mzee Rugaibula akamtazama Komando, Komando akamtikisia kichwa. Mzee akauliza mbona anakataa kabla hajaombwa kitu.

Evodia akatoka. Amependeza. Nikasahau maneno yote niliyojiandaa nayo. Akapiga magoti, akanikaribisha akamwani kwenye kikapu, nikajua mambo yameiva. Nikachukua punje zangu, na zake Komando nikampa palepale, waone nilivyomlea.

Evodia akauliza tangu lini nampa. Nikasema tangu aje. Akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akaniambia kahawa si ya mbwa. Akambeba Komando kifuani, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Nilimwonea mbwa wivu.

Mzee akasema mbwa atabaki, na Evodia pia. Evodia akaongezea dirishani kwamba atarudi siku nitakapoweza kulea hata mtoto wa paka bila kumharibu.

Jumanne, 10 Juni

Evodia ametuma ujumbe: Komando amepona, analala vizuri, kichwa kimetulia. Hewa ya Ijumbi hiyo. Sijui kwa nini Mama Renatha hakuitaja.

Nyumba kimya. Nimepika ndizi za watu wawili kwa mazoea, nikala zote, sikushiba.

Nimelitafakari kosa langu. Evodia ana haki. Komando alikuwa mbwa wa nyumbani, si mgeni, na kumkaribisha kahawa mbele ya wakwe ni kukosa adabu. Nimejifunza.

Kwa hiyo leo nimeazima mtoto wa paka kwa Kahangwa, nimlee, Evodia asikie. Mzuri, ila analala mno. Huyu ni wa jirani, yaani ni mgeni hasa. Nimemfungulia kikapu cha akamwani.