Binamu Inasio na Ubao Wangu wa Umeme

Jumatatu, 6 Oktoba 1969

Binamu Inasio amekuja kuangalia ubao wa umeme. Akafungua kifuniko, akachungulia, akacheka peke yake. Sikukipenda kile kicheko. Kasema ubao huu ni wa zama za ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulitengenezwa kubeba taa mbili na plagi moja, na hata hizo unazibeba kwa huruma. Fyuzi zimepasuka. Waya wa nyuma umekauka, ukiugusa unapukutika. Taa ya chumba cha uani haiwezi kuongezwa mpaka uwekwe ubao mpya, swichi kubwa mpya na waya mpya kutoka kwenye mita. Jumla shilingi mia mbili na arobaini.

Mia mbili na arobaini! Kwa taa moja!

Halafu ubao wenyewe naupenda. Ulipigiliwa hapo mwaka niliopanda cheo kuwa karani wa tiketi. Treni ya Nachingwea ilikuwa ikiingia jioni, nyumba inatikisika kidogo, na globu ya sebuleni inacheza. Mtaa wetu wote wa Rahaleo ulijua saa kwa treni ile. Walituambia Mtwara itakuwa mji mkubwa kushinda Dar es Salaam. Tukaamini! Nilishona suti kwa ajili hiyo. Sasa reli imeng'olewa, mbuzi wanalala stesheni. Ubao huu ndio kitu pekee cha siku zile ambacho bado kinafanya kazi.

Lakini Ilda. Mke wangu yuko Msimbati wiki ya tatu sasa, anamtunza mama yake, Mama Laurinda, aliyevuka mto Ruvuma mwaka jana kukimbia vita vya Msumbiji. Mama anatakiwa kuja kukaa nasi, chumba cha uani. Shida ni moja: halali gizani. Ilda kaniletea salamu kwa dereva wa lori kwamba watakuja Jumamosi. Taa ikiwaka, watakaa. Isipowaka, Jumatatu wanarudi Msimbati wote wawili, na Ilda hajui atarudi lini.

Fedha ninazo. Za korosho, ndani ya kopo la maziwa, chini ya magunia. Lakini mtu aliyefanya kazi reli halipi bei ya kwanza. Lazima kuna njia.

Jumanne, 7 Oktoba

Njia ipo! Utani!

Inasio ni mtoto wa shangazi yangu. Binamu ni mtani. Mtani anachukua kitu chako mchana kweupe, na ukikasirika aibu ni yako. Unakikomboa kwa anachotaka, watu wanacheka, basi. Kwa nini nilipe fundi wakati fundi ni mtani wangu wa damu?

Nimemkuta kibarazani kwa jirani yangu Rashidi anakunywa kahawa. Nikachukua koleo lake la umeme lenye mpini mwekundu, nikalitia mfukoni mbele ya watu. Nikatangaza kwamba koleo limetekwa, na fidia yake ni ubao mpya, kazi na vifaa. Watu wakacheka. Rashidi akamwagikiwa na kahawa. Inasio naye kacheka, kasema sawa binamu, utani umeuanza wewe.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mia mbili na arobaini zimebaki ndani ya kopo. Nimelala mchana kama meneja.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeibiwa! Hapana, sikuibiwa. Ndiyo maana inauma.

Nilikwenda sokoni kununua mihogo. Kurudi, ukutani patupu! Pamebaki mraba mweupe na nyaya zimefungwa utepe vizuri, kama mguu wa mgonjwa. Inasio kaenda kukata umeme nguzoni, kisha kaubandua ubao wangu na kuubeba kichwani mpaka kwake Chuno, akipita mtaa kwa mtaa, anawaonyesha watu. Nasikia watoto walimfuata.

Nimekwenda mbio. Nikamkuta ameuegemeza ubao mlangoni, kauwekea ua. Nilitaka kufoka. Rashidi, aliyenifuata eti kusuluhisha, akaniminya mkono akanikumbusha kwamba mtani akimkasirikia mtani, fidia inazidi mara mbili. Nikacheka. Sijawahi kucheka kwa uchungu namna ile.

Fidia aliyotaja: jogoo wangu mweupe na kofia yangu ya reli. Nikasema jogoo sawa, kofia sitoi. Kofia ile nilivikwa na mkuu wa stesheni kwa mikono yake, beji inang'aa, siku gavana alipopita. Ilda aliniona nikiwa nimeivaa kabla hatujafahamiana. Kasema mwenyewe kwamba alinitazama kofia kwanza, uso baadaye.

Inasio kasema basi akae na ubao. Nimerudi bila ubao, bila umeme, na koleo la mtu mfukoni ambalo sijui kulitumia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempa jogoo. Nilidhani atalegea. Kamla mchana huo huo, kaniletea shingo kwenye kibakuli. Utani!

Jioni nimetoa kofia. Nimeandika, sitaki kusema zaidi. Inasio kaivaa hapo hapo, kaitia upande, kaenda nayo sokoni, anapuliza kidole kama filimbi na kuita watu wapande daraja la tatu. Watu wazima wanapanga foleni! Nimesimama nyuma ya duka la chumvi nikamtazama. Kweli ilinichoma. Lakini kuna mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini, alipoiona ile kofia, alivua kofia yake ya kiua akasimama wima. Nami nikasimama wima, huko huko nyuma ya chumvi.

Ubao nimerudishiwa. Umerudi! Nikamwambia sasa aurudishe ukutani. Inasio kasema fidia ilikuwa ya kuukomboa, kuupigilia ni kazi, na kazi ina bei yake. Halafu ubao huu yeye haupigilii tena, utachoma nyumba. Koleo karudishiwa? Ndiyo. Kalichukua mfukoni mwangu tukiwa tunaongea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimepata njia ya pili, safi kabisa.

Rashidi ana umeme mzuri na jokofu jipya la fedha za korosho. Tangu alinunue hazungumzi lingine. Anakuuliza hali ya nyumbani, kabla hujajibu anakupa barafu. Leo yuko shamba Naliendele. Nimemwomba mkewe, Bi Zainabu, nipitishe waya mdogo juu ya ua wa makuti kwa ajili ya taa moja tu ya mama mkwe. Mwanamke mwenye huruma, kakubali.

Taa ya uani ikawaka! Nilipiga makofi peke yangu.

Hapo ningeacha. Lakini nikaona shati langu jeupe limekunjamana, na Ilda anapenda shati lililonyooka. Ile pasi ya umeme niliyonunua zama za treni bado ipo. Nikaichomeka. Pasi ikapata moto, nikapiga kola moja, halafu pu! Fyuzi ya Rashidi imekatika, na jokofu lake kimya. Nikakusanya waya wangu taratibu, sikusema kitu, nikidhani Bi Zainabu atajua mwenyewe.

Hakujua mpaka alasiri. Ndani ya jokofu mlikuwa na changu watatu na nguru wa karamu ya Rashidi Jumapili. Joto la Oktoba halina simile. Rashidi karudi, kafungua jokofu, kafunga. Kaja kwangu na sinia. Hakufoka, kwa kuwa ni mtu wa heshima. Kaniambia samaki hawa ni wangu, yeye anataka wengine kama hao.

Nimenunua wengine. Kopo limepungua. Waya wa Rashidi siruhusiwi kuutazama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamefika kwa lori saa kumi jioni. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba umeme umekatika mji mzima. Nikasema. Wakati huo huo Rashidi kawasha taa yake ya barazani, na redio.

Ilda katazama taa ya Rashidi. Katazama ule mraba ukutani. Kaniangalia kichwani, akauliza kofia iko wapi. Nikamweleza kidogo kidogo, nikiruka sehemu. Kamtandikia mama yake mkeka barazani penye mwanga wa jirani, na mizigo hakuifungua.

Niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: naogopa. Wiki tatu nimekula mihogo ya kuchoma nimesimama. Naongea na redio isiyo na umeme. Treni ilipoondoka Mtwara nilisema nitazoea, na nikazoea. Ilda akiondoka sitazoea.

Jumapili, 12 Oktoba

Ilda kavaa kitenge kizuri, kaondoka mapema. Nilidhani kanisani. Kumbe Chuno, kwa Inasio.

Karudi naye, na ubao mpya, na swichi, na waya. Hakuna utani. Inasio kafanya kazi mpaka saa tisa kwa adabu, akimwita Mama Laurinda mama kila anapopita. Ilda kamlipa mkononi, mia mbili na arobaini, bei ile ile ya Jumatatu. Nikauliza fedha katoa wapi. Kasema kopo lilipungua kwa ajili ya samaki, akajazia kwa za kwake za ushonaji. Kopo alilijua tangu lini? Kasema tangu siku nilipolificha.

Jioni Inasio kaniambia niwashe mwenyewe. Chumba chote kikaonekana, kitanda, dirisha, pembe zote. Mama Laurinda kalala chali akitazama mlango. Kasema tangu avuke mto ule hajalala mahali anapoweza kuuona mlango. Akaomba isizimwe. Hakuna aliyeizima.

Mimi na Ilda tukakaa uani, mwanga wa dirisha unatuangukia miguuni. Kanikumbusha jioni ya kwanza ya umeme nyumba hii, yeye bibi harusi, alivyowasha na kuzima mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Tulicheka mpaka machozi. Kisha akaingia ndani akafungua mizigo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetulia, nimepima mambo. Kosa halikuwa utani. Kosa lilikuwa Inasio. Ni mtani mjanja mno, na mtu wa namna hiyo hafai. Ukichagua mtani mpole, kazi inakwenda.

Bati la chumba cha uani linavuja, na mvua za vuli ziko karibu. Mama mkwe analoaje chini ya taa ya mia mbili na arobaini? Fundi bati Yohana wa hapo Chuno ni binamu yangu upande wa mama. Mtu wa taratibu, haongei. Ilda nimeona nisimsumbue.

Asubuhi nimechukua ngazi yake mbele ya watu, nikatangaza fidia: paa zima, kazi na misumari. Yohana kacheka polepole. Kauliza tu nyumba yangu ina mabati mangapi, na kama yamepigiliwa sana. Nikamwambia aje ayahesabu mwenyewe, hata leo, sisi tunakwenda kumtembeza mama baharini. Mtu mwema sana, Yohana.