Nafasi ya Kando ya Mama Mkwe

Jumamosi, 13 Desemba

Leo tumefuta picha nyumbani kwa mama mkwe. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, tunashusha picha zote za ukumbini, tunazifuta vumbi na kuzirudisha kwa mpangilio wa miaka. Ziko thelathini na nane, moja kwa kila Krismasi tangu alipoolewa. Kochi lile lile, watu wale wale, wakiongezeka.

Mimi nilipewa za karibuni. Nikafuta ya mwaka jana. Nikaiangalia. Nikaifuta tena, nikidhani ni uchafu. Mimi simo. Au tuseme nimo, ila ni kiwiko tu, kiwiko changu cha kushoto pembeni mwa fremu. Ya mwaka juzi ni sikio na nusu ya shavu. Ya mwaka ule mwingine nipo mzima, lakini napiga chafya.

Na kando ya mama mkwe, pale alipokuwa akikaa marehemu baba mkwe? Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu. Tunamwita Meneja, ingawa kazi yake ni kuhesabu misumari kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa sita huu anakaa pale kama amezaliwa na kochi. Na kochi lenyewe nalitibu mimi. Mimi ndiye fundi makochi wa familia. Springi zake nazijua moja moja.

Nilimwonyesha mke wangu kile kiwiko. Akasema ni kiwiko kizuri.

Nimekula kiapo. Mwaka huu nafasi ile ni yangu.

Jumatatu, 15 Desemba

Mpango umeanza. Nilimwambia mama mkwe kochi limechoka, nataka kulivalisha kitambaa kipya, iwe zawadi yangu ya Krismasi. Akanibariki. Mkunga mstaafu akikubariki unajisikia kama umezaliwa upya.

Asichojua ni kwamba nalipunguza upana. Sentimita ishirini. Meneja ana mwili. Mimi nimekonda kama sindano yangu ya kushonea. Mama mkwe atakaa, Meneja hataenea, atanyanyuka kwa aibu, na mimi nitateleza pale taratibu. Hesabu haidanganyi.

Nikalipeleka karakanani kwangu, nikalifumua. Ndani nikakuta vijiko vitatu, kitana na funguo za mlango nisioujua. Nikaingiza mkono chini kabisa, kwenye springi ya kona. Nikatoa meno.

Nilipiga ukelele hadi fundi viatu wa jirani akaja na nyundo. Tukayageuza kwa kijiti. Meno ya bandia, safu nzima ya juu. Ya marehemu baba mkwe! Yalipotea miaka miwili kabla hajafa, na hadi anafumba macho aliamini mke wake aliyamwaga pamoja na maji ya kufulia.

Mtu mwingine angeyazika kimya kimya. Mimi nikaona nafasi.

Jumatano, 17 Desemba

Nimerudisha kochi. Meno pia, yameoshwa na kulazwa ndani ya kijisanduku nilichokitandika mahameli nyekundu. Nilitaraji machozi. Nilitaraji kukumbatiwa mbele ya Meneja, ambaye naye alikuwa amekuja na mti wa Krismasi mrefu kuliko mlango. Akausimamisha hasa pale ninaposimama mimi kila mwaka wakati wa picha. Eti ndipo penye nafasi.

Mama mkwe akafungua kijisanduku. Akatazama. Mke wangu akashika mdomo.

"Mzee wewe," mama mkwe akayaambia yale meno. "Miaka miwili umeninunia."

Kisha akacheka. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka karakanani. Alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni, akafunika kijisanduku, akasema, "Basi. Sasa tumemalizana." Akaenda zake jikoni kuangalia keki, anaimba. Mke wangu anasema hajamsikia mama yake akiimba jikoni tangu msiba.

Mimi hata ahsante sikupata.

Halafu tukajaribu kochi. Mama mkwe akakaa. Meneja akakaa. Akaingia kama barua ndani ya bahasha! Kumbe tangu Julai anakwenda kazini kwa miguu, amepungua kilo kumi na moja, na mimi nilikuwa nadhani ni mashati tu yanayomdanganya. Nilipojaribu mimi, mfupa wa nyonga ukagonga mbao nikaona nyota. Shemeji, mke wa Meneja, akasema kochi limependeza, limekuwa la watu wanaopendana.

Njiani mke wangu akanikumbusha kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia sijachimba kisima chochote, nimepunguza kochi.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilikuwa mjinga. Kwa nini nipigane na wanaokaa, wakati anayewapanga ni mpiga picha?

Miaka yote tumepigwa picha na jirani, kwa simu ya shemeji, ndiyo maana mtu unabaki kiwiko. Mwaka huu tutakuwa na mtaalamu. Nimemwendea mzee mwenye studio nyuma ya karakana yangu. Mtaa mzima unamwita Bwana Picha. Alifiwa na mkewe zamani, watoto wako mbali, na anavaa kofia na tai ya kipepeo hata akienda kununua chumvi. Tumeelewana: mimi navalisha viti vyake viwili vya studio, yeye siku ya Krismasi atatangaza kwamba mwanga unahitaji mtu mwembamba kando ya mama.

Akaniuliza huyo mama yukoje. Nikamwambia ni mtu wa watu, amezalisha nusu ya mji huu, ila hapendi wanaochelewa. Akasema hawezi kufanya kazi kwa kubahatisha, lazima akapime mwanga wa sebule. Nikampeleka jioni hiyo hiyo. Alifika dakika kumi kabla ya muda.

Alipima mwanga kwa saa mbili na nusu. Sebule ina dirisha moja. Huo ndio utaalamu.

Jumapili, 21 Desemba

Bwana Picha alirudi jana kupima mwanga wa asubuhi. Leo karudi kupima wa mchana. Leo alikuja na maua. Nilipomuuliza akakohoa kidogo, akasema maua huisaidia kamera kupata rangi. Sikuwa najua. Elimu haina mwisho.

Tulimkuta mama mkwe katikati ya shughuli ya nyota. Kila Krismasi tunakata nyota za karatasi, moja kwa kila mtu wa familia, jina nyuma, tunazitundika dirishani kwa uzi. Wajukuu walikuwa wamejipaka gundi hadi kwenye nyusi. Mama mkwe kavaa hereni. Akamkabidhi Bwana Picha mkasi na karatasi ya dhahabu, akamwambia naye akate yake. Mgeni! Mimi nilingoja mwaka mzima tangu kufunga ndoa ndipo nikapewa nyota, tena ya karatasi ya gazeti.

Meneja akaninong'oneza kwamba huyu mzee miguu yake imezidi hapa. Wivu tu. Nikamwambia kazi nzuri haitaki haraka. Mke wangu akaniuliza kama kweli sioni. Nikamjibu naona vizuri kabisa. Akaingia jikoni kwa dada yake. Nikasikia kicheko, halafu bakuli likianguka.

Jumanne, 23 Desemba

Asubuhi nilimwona Meneja kwa macho yangu akitoka studio. Alipoingia alikuwa na boksi la misumari. Alipotoka hakuwa nalo. Moyo ulipiga kama cherehani. Hongo! Na hongo yenyewe inawezekana ni ya ghala.

Nikaingia pale pale. Nikamwambia Bwana Picha kwamba muungwana ni neno lake. Hakutaharuki. Akanikaribisha kiti, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nafasi ile ina mwenyewe." Mwanangu! Wiki iliyopita nilikuwa fundi tu.

Kisha akasimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Akasema yeye ni mtu wa utaratibu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfikisha katika nyumba ile, angependa kujua kama nina pingamizi lolote juu yake. Nikamwambia sina. Nikamwambia fanya chochote ambacho kazi inadai, baraka zangu zote unazo. Akanishika mkono, macho yamemlowa. Sijawahi kuona mtu anayependa kazi yake namna ile.

Alhamisi, 25 Desemba

Tulitoka kanisani, tukala tukashiba, wajukuu wakaimba nyimbo zao, mdogo akasahau maneno akalia. Ukafika wakati wa picha. Bwana Picha kaingia na suti mpya. Akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu. Mimi sikungoja kupangwa. Nikaenda moja kwa moja nikakaa kando ya mama mkwe. Meneja akaduwaa. Hakuna aliyeniambia ninyanyuke. Kwa muda kama wa kuhesabu ishirini, nilikuwa nimeshinda.

Ndipo mama mkwe akasema, "Wanangu, nina neno."

Akasema miaka sita amekaa na ukimya wa nyumba hii. Akasema hakujua kama bado ana kicheko. Akasema yeye na huyu bwana wamezungumza wakaelewana, mchungaji anajua, na mwezi wa pili watafunga ndoa.

Vigelegele. Mke wangu na dada yake walikuwa wameshasimama, wanalia na kucheka, maana walijua. Hata mjukuu wa miaka saba alijua! Walioshtuka ni wawili tu duniani, mimi na Meneja. Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Bwana Picha akaja akasimama mbele yangu. "Samahani, mwanangu," akasema kwa upole. "Hapo nimepewa mimi." Nikanyanyuka kwa kushika mkono wa kochi, na mimi ndiye niliyempa baraka. Akakaa. Walienea barabara.

Sasa kamera haina mtu. Wote wakageuka wakanitazama.

Nikainama nyuma yake. Nikawaona wote ndani ya kioo kile kidogo: Meneja chini sakafuni, matawi ya mti wake yamemfunika uso, mke wangu na macho mekundu, mama mkwe katikati. Picha thelathini na nane nimezifuta kwa mikono yangu, na sura yake ile ya furaha haimo hata katika moja. Kidole kikagoma kidogo. Kisha nikabonyeza.

Baadaye mama mkwe aliniletea kipande cha kwanza cha keki, mwenyewe, kabla ya wajukuu. "Wewe ndiye uliyeniletea," akasema.

Katika picha ya mwaka huu simo. Hata kiwiko.

Ijumaa, 26 Desemba

Mke wangu anasema anatumaini nimejifunza. Nimejifunza sana. Nilichagua mpiga picha asiye na mke. Kosa la kizembe, halitarudiwa.

Ila jamani, harusi! Familia nzima mbele ya kamera kutwa nzima, na msimamizi wa bwana harusi yuko kando yake katika kila picha. Asubuhi na mapema nimempelekea Bwana Picha kiti chake cha kwanza, nikaanza kumdokeza kuhusu msimamizi. Akasema wazo zuri, ila anahitaji kufikiri, kwa sababu Meneja ametoka hapo sasa hivi na kapu la matunda.

Mtu hana hata siku moja ya mapumziko!

Lakini nimeulizia. Anayepanga nani asimame wapi kanisani ni mchungaji, na kiti chake cha ofisini kimetoboka hadi sponji linaonekana. Nakwenda kukichukua mchana huu. Na mchungaji ana mke, nimehakikisha.