Bima ya Bure na Cherehani ya Bibi

Jumatano, 9 Julai
Habari kubwa! Mama mkubwa kapiga simu. Miaka sita yeye na Mama hawasemezani, ugomvi ukiwa ni cherehani ya marehemu bibi, ambayo mama mkubwa aliibakiza kwake. Leo kasema Mama aende Jumamosi, wale pamoja mchana. Mama kalia, kacheka, kisha kauliza atavaa nini.

Mama hapandi basi, goti linamsumbua. Nikasema niachieni mimi, nitakodi gari. Shemeji, mume wa dada yangu, mtunza stoo mwenye kipara na rundo la funguo kiunoni, kasema la kwake liko gereji, kwa hiyo sawa, ila nijue kwanza gharama yote: bima, mafuta, kilomita. Nisome mkataba! Ananiambia mimi, ninayetoa nakala za mikataba dukani kutwa, mwaka wa kumi na moja huu! Sijasoma hata mmoja, lakini nimeshika maelfu.

Alhamisi, 10 Julai
Gari limepatikana. Bei ya tangazo ilikuwa ndogo mno. Nimefika ofisini, imenenepa. Kuna amana, unarudishiwa gari likirudi zima. Kuna kikomo, kilomita mia mbili, ukizidisha unalipa. Kwa mama mkubwa ni tisini na tano kwenda, tisini na tano kurudi. Zinabaki kumi za kuringia!

Dada wa kaunta kataja bima kubwa, inayolipa hata mkwaruzo. Nimekataa katakata. Nina mbinu: kabla ya kuondoka nitapiga picha kila mkwaruzo uliopo. Wa zamani hauwezi kuwa wangu. Bima ya bure! Shemeji kauliza, je, nikiweka mpya? Maswali ya watu wa stoo hayo. Nikamjibu kuwa mimi huwa sikwaruzi.

Ijumaa, 11 Julai
Mama kajaribu magauni manne, kachagua la zambarau. Nimemkuta mbele ya kioo akijifunza la kusema: dada, sikuja kwa ajili ya cherehani. Kaniona, kaniuliza kwa mara ya tatu kama gari lipo kweli. Roho imeniuma. Nikamwambia hata kwa kulisukuma nitamfikisha.

Shemeji kaomba ruhusa kazini, kaenda mjini. Kabla ya kutoka kaniuliza jina la ofisi ya magari. Wivu huo!

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi, ofisini. Dada wa kaunta kaanza kunieleza jambo kuhusu bima. Nikanyoosha mkono: dada, tulishamaliza. Kanipa karatasi, nikaikunja mfukoni. Picha thelathini na moja! Jua lilikuwa kali, kioo cha simu hakionekani, nikawa nabonyeza tu. Mama alizunguka nami gari zima, mpole kweli.

Tumefika kabla ya saa sita. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, kumbe tangu saa mbili. Mama kateremka, maneno yote ya kwenye kioo kayasahau. Wakashikana, hawaachiani. Nikajifanya nakagua tairi. Nimeikagua sana.

Baada ya kula mama mkubwa kaileta cherehani mwenyewe, imefutwa vumbi, imetiwa mafuta. Kasema kachoka kuitazama, mikono ya kushona anayo Mama. Tumeibeba sote watatu. Uzito gani ule! Ikatuponyoka, ikakwangua bampa la nyuma. Mkwaruzo mpana kama kiganja. Wao wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 13 Julai
Siku ya kurudisha gari. Mama kasema anakuja, kashazoea kiti cha mbele.

Nimejaza tangi pomoni. Kisha nikasoma mstari wa mafuta kwenye ile karatasi: lirudi kama lilivyotoka. Lilitoka nusu! Niwaachie nusu tangi, mimi? Nikaanza kuzunguka mtaa wa ofisi ili mafuta yapungue. Mara arobaini. Mama anampungia mkono fundi viatu wa pembeni, kila tukipita. Mshale hautikisiki. Kilomita zimefika mia mbili na kumi na nne. Nimelipia zile kumi na nne, na mafuta wamebaki nayo.

Dada wa kaunta kauona mkwaruzo. Nikasema ni wa zamani, nikafungua picha kwa madaha. Bampa la nyuma: Mama, mkono kiunoni. Mlango wa kushoto: Mama anatabasamu. Mlango wa kulia: Mama kavua miwani. Zote thelathini na moja, Mama kaziba kila kitu! Nikamwuliza ni nini hiki. Kasema aliona napiga picha, sasa angekaa wapi? Nikashikilia kuwa nyuma yake pale kuna mkwaruzo. Mama kamgeukia dada wa kaunta: usimsikilize mwanangu, huo ni wa cherehani, jana saa tisa.

Nikaiaga amana yangu kimoyomoyo. Lakini ajabu! Dada kasema sidaiwi mkwaruzo. Bima kubwa ililipwa Ijumaa na bwana mmoja mwenye kipara, funguo zinamlia kiunoni. Amana nimerudishiwa yote!

Nimewaza njia nzima ni nani. Kipara, funguo. Lazima ni mkubwa wa ofisi yao. Kasikia nakuja na picha, kaona bora ayamalize mapema.

Jumatatu, 14 Julai
Cherehani inalia tangu asubuhi. Juu yake Mama katundika picha ya bampa, ile ya mkono kiunoni. Nyingine kamtumia mama mkubwa, wameongea kwa simu saa nzima. Nyumba imechangamka, nami nimefurahi mno.

Ila shati la kwanza linashonwa la shemeji! Mama kampima mabega, wananong'ona, wanacheka, nikiingia wanaacha. La kwangu, kasema, litafuata.

Mama mkubwa anakuja Jumamosi. Namfuata mimi, na gari kubwa zaidi. Bima sichukui, mbinu yangu wote wameiona. Shemeji kauliza kama ni ofisi ileile, na kaomba tena ruhusa kazini ya Ijumaa. Maskini, wivu haujamtoka.