Digrii Saba Zilizopotea kwenye Paa la Baba

Kasese, tarehe 9 Agosti 2003. Huu ni mwaka wa saba tangu mimi na marehemu mke wangu Solange tuvuke mpaka wa Kasindi na godoro moja.

Kwa mdogo wangu Zorobabel, mkuu wa ujenzi wa nyumba ya baba, Bulengera, Butembo.

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika, pamoja na picha ya nyumba. Unaniandikia mimi kaka yako mkubwa: «Yaya, basoda balibeba mabati, mais tulisha ezeka upya. Nyumba iko tayari, donc rudia. Unangoja nini huko?» Swali ni la haki. Jibu langu ni la jiometri. Ningerudi hata kesho, ila paa linanizuia.

Uso wa mbele wa paa hilo, kama baba alivyotuachia, ni trapèze isocèle: ukingo mrefu chini, mfupi juu, sambamba, na mbavu mbili zilizo sawa. Nimeipima picha yako kwa kipimapembe kilekile kilichonipatia shuleni jina la Bwana Digrii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pembe mbili za chini lazima zilingane. Ya kushoto ina digrii 52, ya kulia 41. Fundi wako Sikuli alikuwa anaezeka au anacheza?

2. Kwenye kila ubavu, pembe ya chini na ya juu zikijumlishwa hufanya 180. Kushoto nimepata 173. Nilijua wanajeshi walichukua mabati. Sikujua kwamba walichukua na digrii.

3. Kulia nimepata 187. Kwa hiyo zile saba hazikuibwa na jeshi lolote. Zimehamia kulia, ambako, nakumbuka vizuri, ndiko kiliko chumba chako. Changu ni cha kushoto.

4. Mkeo Katungu amesimama mlangoni anacheka. Chini ya paa la namna hiyo!

Sikushtaki. Nasema tu kwamba watoto wa baba mmoja hawawezi kulala chini ya pembe zisizolingana. Kwetu watu wameshika bunduki kwa sababu ndogo kuliko digrii kumi na moja. Wakubwa wametia saini mapatano ya amani, nasi tutie yetu. Ezueni mabati yote. Mwite mchungaji, mwite chef de quartier, mkuu wa mtaa, na mbele yao Sikuli aape kwa mistari sambamba. Mimi nitasimamia kutoka kibandani kwangu, ambako paa halina pembe yoyote inayojulikana kwa hesabu, na linavuja juu ya kitanda. Hilo sijawahi kulilalamikia.

Nisalimie Katungu, watoto, wanakwaya wote, na majirani wote hadi kule Kimemi. Hata Sikuli, lakini yeye kwa ufupi.

Ni mimi yaya wako,
Esdras

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeitazama picha tena. Ukuta wa ubavuni unaonekana, na dirisha la jikoni. Aliyepiga picha, basi, hakusimama mbele ya nyumba. Alisimama kwenye kona. Ukitazama kutoka kona, mistari sambamba huonekana kukaribiana, na pembe zilizo sawa hazionekani tena kuwa sawa. Jambo hilo nililifundisha miaka ishirini, na wasiolielewa niliwapigisha magoti. Paa limenyooka, Zorobabel. Mshike Sikuli mkono kwa niaba yangu.

Sasa nimeishiwa na sababu, isipokuwa ile ambayo hukuniuliza. Solange amelala hapa, nyuma ya kanisa, na majani ya huku huota haraka. Chumba cha kushoto wape watoto. Sitarudi.