Kadi Thelathini za Mtu wa Mwavuli

Jumatatu, 13 Novemba

Imefika! Miaka miwili nasubiri, na sasa filamu yangu imefika Sudbury. Sinema ya Huguette, kuanzia Jumatano, saa nane mchana.

Nasema yangu kwa sababu nimo. Watu wa filamu walipokuja na malori yao, wakaugeuza mji wetu kuwa Chicago na kuwaita zimamoto wamwage maji barabarani hadi lami ing'ae, walihitaji mtu wa kusimama darajani na mwavuli. Wakanichagua mimi, Gaétan Ladouceur, mchanganya rangi wa duka la vifaa vya ujenzi. Na sikusimama tu. Nilisema! Mpelelezi ananiuliza nimeona nini. Natazama maji. Natulia. Nasema: "Gari lile ni la mkewe." Maneno matano. Mwongozaji alisema inatosha, wala hakuomba nirudie.

Jirani yangu Pentti Rautio hakusema hata neno moja. Walikodi banda lake la gari, basi. Lakini kwa miaka miwili mji mzima hatupumui kwa habari za banda hilo.

Mama ameshaambiwa. Mama ana miaka themanini na minne, anaishi nyumba ya wazee, na Jumamosi anakuja kwa basi lao pamoja na wenzake kumi na mmoja kumwona mwanawe. Wote wameshapanga siku ya kutengeneza nywele.

Tatizo ni kadi za Huguette. Kila mtazamaji anaandika maoni yake kwenye kadi na kuitumbukiza sandukuni mlangoni. Alhamisi alasiri Huguette anazisoma zote kwa sauti, watu wakinywa kahawa. Filamu ikisifiwa, inabaki. Ikipondwa, Ijumaa imeondoka. Na watu wa hapa wanajua kuponda! Mwaka jana waliiondoa filamu ya mapenzi kwa sababu shujaa alivaa koti jepesi mwezi wa Januari.

Ikiondoka Ijumaa, Mama ataona nini Jumamosi? Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 14 Novemba

Nimefanya. Nilipita sinema kununua bisi, nikatoka na bunda la kadi tupu chini ya koti. Bisi nimesahau kaunta.

Nimeandika kadi thelathini. Kalamu nne, miandiko sita, mmoja wa mkono wa kushoto ambao hata mimi siusomi vizuri. Sikuandika sifa tupu, mimi si mjinga. Kadi ya tano inalalamika kwamba muziki ni mkubwa mno, kisha inasema lakini yule mtu wa mwavuli, jamani! Kadi ya kumi na mbili imeandikwa na mjane aliyelia. Kadi ya ishirini inaeleza kwamba bila yale maneno matano, "Gari lile ni la mkewe," mtu asingejua nani kamuua mhasibu wa kwenye filamu. Kadi ya thelathini inauliza tu kama mtu wa mwavuli ameoa.

Nimeona raha kuzisoma. Kuna watu wenye akili mji huu.

Jumatano, 15 Novemba

Mkono bado una siagi. Naandika hivyo hivyo.

Nilifika saa saba na nusu, kabla ya watu. Huguette alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa. Nikatumbukiza kadi zote thelathini. Nilitaka sanduku lijae mapema, Pentti asipate nafasi. Kuiangalia filamu kwanza? Ya nini? Nilikuwepo!

Ikaanza. *Mhasibu Hajui Kuogelea*. Nzuri, siwezi kudanganya. Mvua, taa za zambarau, moshi wa sigara unapanda polepole, mwanamke anavua glavu dakika mbili nzima. Mhasibu anakutwa ziwani. Nani kamuua? Muuaji haonyeshwi uso. Gari linasimama, mlango unafunguka, inatoka miguu miwili ndani ya viatu vyekundu vya mchuchumio, basi. Kisha banda la Pentti. Banda kwa mbele. Banda kwa ndani. Dakika kumi na moja za banda! Nilihesabu.

Kisha daraja. Daraja langu! Nikakaa wima. Mpelelezi anakuja, anatazama maji, anawasha sigara, anaondoka.

Anaondoka!

Hakuna mwavuli. Hakuna mtu. Wamenikata mzima mzima! Nilidhani nimepepesa macho. Nikasubiri hadi majina ya mwisho, hadi jina la mpishi wao. Simo. Banda la Pentti limeshukuriwa kwa jina.

Nikakumbuka sanduku. Kadi thelathini zinasifu kitu kisichokuwepo! Nikakimbilia mlangoni, nikaingiza mkono tunduni. Mkono uliingia. Kutoka ukakataa. Pentti akanikuta hivyo, nimepiga goti, sanduku limenivaa mkononi. Akauliza jirani kulikoni, maoni yameniuma? Nikamwambia nimeangusha saa. Akaitazama saa yangu kwenye mkono mwingine, akaenda kumwita Huguette. Huguette alinitoa kwa siagi ya bisi.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilitaka kuugua. Sikuweza hata kukohoa vizuri. Nikaenda.

Ukumbi umejaa. Huguette akaanza na kadi za watu wa kweli, na nilishtuka walivyo wakatili. Mmoja alisema huwezi kutoka kwenye dohani ya mgodi wetu ukafika ziwani kwa sekunde tisa, hata barabara ikiwa haina theluji. Mwingine alisema filamu ni nzuri mno lakini haieleweki kabisa, na lile lori la bluu dakika ya arobaini ni la shemeji yake. Wa tatu alisema mpelelezi anapinda kushoto na kuingia ziwani, kwa maana kushoto pale hakuna barabara. Wa nne alitaka kujua ile glavu ilikuwa na maana gani. Watu wakaguna kwamba hata wao. Huguette akatikisa kichwa kwa huzuni. Akilini nilimwona Mama akishuka kwenye basi Jumamosi mbele ya mlango uliofungwa.

Kisha zikaanza zangu.

Ya kwanza, mtu wa mwavuli. Ya pili, mtu wa mwavuli. Watu wakatazamana. Ya sita, Pentti akauliza kwa sauti mtu gani huyo wa mwavuli, maana yeye ameitazama mara mbili na kitu pekee alichokiona darajani ni daraja. Jasho likanitoka hadi ndani ya viatu.

Huguette akafika kadi ya ishirini. Akaisoma polepole. "Gari lile ni la mkewe." Akairudia mara ya pili.

Mzee mmoja wa safu ya pili akapiga paja. Alaa! Kumbe ni mke! Miguu ile ya viatu vyekundu ni ya mke! Ukumbi ukalipuka. Ndiyo maana ya glavu! Ndiyo maana ya zile pesa za bima ya mhasibu! Watu wakainuka, wakashikana mabega, wakaelezana filamu kana kwamba waliiandika wao. Mwanamke mmoja akaapa kwamba mtu wa mwavuli alimwona kwa macho yake, kushoto, mwembamba. Mwembamba! Mwingine akasema alikuwa msalani dakika hiyo, ndiyo sababu hakumwona. Sikuamini masikio yangu. Kipande walichokikata ndicho kilichokuwa na jibu, na mji mzima jibu ninalo mimi peke yangu, na siwezi kusema!

Huguette akatangaza filamu inabaki. Watu wanataka kuitazama upya wamtafute mtu wa mwavuli. Pentti alinitazama muda mrefu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilipata nilichotaka. Sasa nakitaka kiondoke.

Nimempigia Mama. Nikamwambia filamu ina damu. Akasema amezaa watoto sita nyumbani, nisimweleze habari za damu. Nikasema kuna mwanamke anavua nguo. Akauliza ngapi. Nikasema glavu. Akacheka hadi muuguzi akaja simuni kuuliza kama mambo ni salama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenzake wa chumba cha jirani ana mtoto daktari Ottawa, na kila Jumapili lazima wasikilize habari zake, sasa kesho ni zamu yake yeye. Alisema hivyo tu. Zamu yake.

Sikuweza kumwambia.

Jumamosi, 18 Novemba

Mungu wangu! Mungu wangu! Bado masikio yananipiga kelele.

Walishuka kumi na wawili, nywele zimesimama kama keki. Mama alivaa koti la mazishi ya Baba. Akakaa safu ya mbele, akanikalisha kando yake, akanishika mkono. Pentti nyuma yetu kabisa, kwa makusudi.

Mpango wangu: daraja likifika, namwagia Mama bisi mapajani, anainama, daraja linapita. Mpango mzuri. Ila daraja lilipofika nilimwagia bisi bibi wa upande wa pili. Mama akalitazama daraja lote, tangu mpelelezi anaingia hadi anatoka. Mkono wake ukalegea kidogo ndani ya wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha gari likasimama. Mlango ukafunguka. Miguu ikatoka, viatu vyekundu, skrini nzima.

Mama akasimama. Akapiga kelele: "Ndiye huyo! Huyo ni mwanangu!"

Huguette akawasha taa. Mama akawageukia watu, kidole kwenye skrini. Akasema vigimbi vile amevifuta mavi kwa mikono yake, ni vigimbi vya marehemu mumewe Alcide vitupu, na asiyeamini aje amwulize yeye aliyemzaa. Ukumbi mzima ukaacha kutazama skrini ukaanza kutazama miguu yangu! Mabibi kumi wakapiga makofi. Yule wa daktari wa Ottawa alikunja uso.

Pentti akainamia kiti changu. "Jirani, hebu tuambie basi. Mke wa mhasibu ni wewe?"

Ningeweza kusema kweli. Mdomo niliufungua kwa kusudi hilo. Nikamwona Mama.

Nikasema ndiyo. Ni miguu yangu.

Jumapili, 19 Novemba

Nimekwenda kumwona Mama. Nilikusudia kumweleza taratibu kwamba macho yake yamemdanganya.

Alifunga mlango. Akasema macho yake hayana neno, alitolewa mtoto wa jicho mwezi wa Machi, nimesahau? Aliliona daraja tupu vizuri kuliko mimi. Lakini nilitaka arudi kula supu na wale wanawake aseme mwanangu wamemkata? Ilibidi anitafutie sehemu nyingine upesi, na mle ndani wote walikuwa na nyuso zao isipokuwa ile miguu. "Nikaona bora hiyo, mwanangu," akasema. "Ndiyo sehemu kubwa."

Nimeduwaa. Miaka hamsini na sita nilidhani tabia hii ya kutunga uongo nimeirithi kwa Baba!

Akanipa biskuti. Akaniambia nikaze, nisimwaibishe.

Jumanne, 21 Novemba

Huguette kapiga simu. Filamu inabaki wiki nyingine. Alhamisi hii, kabla ya kusoma kadi, anaomba nitoke mbele nitembee hatua kumi kwa viatu vyekundu, kama kwenye filamu. Pentti ndiye aliyetoa wazo. Mabibi wanaletwa kwa basi.

Nimekubali mara moja. Ni nafasi ambayo mtu haipati mara mbili! Viatu namba arobaini na nne nimeagiza Toronto, vitafika Alhamisi asubuhi. Mguu wa kulia nimeshaunyoa. Wa kushoto nimeukata mara tatu nikaahirisha.

Usiku wa jana sikulala kwa furaha. Leo nimeandika kadi arobaini kusifu nilivyotembea. Ya kumi na saba inasema sikuyumba hata kidogo. Nimeshazitumbukiza.